Ofisi ya Ruhusa ya Kunakili, Kimara, Yafunguliwa Rasmi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Chuo, ambaye hajafika ila kiti chake tumekifuta vumbi. Waheshimiwa wahadhiri, nyie wawili mliokaa karibu na soda. Wapangaji wangu wa fremu zote tano, wenye mashine za kopi na yule wa maandazi. Katibu wangu Bi Bernadeta, ambaye mie nasema yeye anaandika, maana mie na kalamu hatukuwahi kukaa darasa moja. Na mie mwenyewe, Bi Chausiku binti Khalfani, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Hakimiliki ya Mtaa. Kama kuna niliyemruka, ajihesabu yumo. (Makofi. Wa maandazi anapunga upawa.)

Leo sie wa Kimara tunafungua Ofisi ya Ruhusa ya Kunakili, ule mlango pale wenye utepe mwekundu, itakayoratibu kwa njia shirikishi, endelevu na ya kidijitali strateji nzima ya kopiraiti kwa mastekiholda wote wa kufundishia na kufanyia utafiti, na maneno hayo sikuyaokota, nimeyapata semina, nilikwenda kwa mguu wangu huu mbovu, wakatupa chai na sambusa mbili mbili, na ile sambusa ilikuwa na nyama kweli, siyo hizi za siku hizi unauma pembe ya kwanza hewa, ya pili hewa, ya tatu kitunguu kimoja kinakushangaa. Nilikuwa nasema nini? (Bi Bernadeta: “Strateji, mama.”) Strateji.

Hali tuliyoikuta ilikuwa mbaya. Twalib wa fremu ya pili, usijifiche nyuma ya mashine, wewe mwanafunzi akikuletea kitabu unakitoa kopi chote, gamba mpaka gamba, mpaka ule ukurasa unaosema ni marufuku kutoa kopi, na huo ndio unautoa safi kuliko yote! (Kicheko. Twalib: “Mama, mie natoa, sisomi!”) Husomi! Mie ndiye nisiyesoma hapa, usininyang'anye cheo.

Sasa semina ilisema sheria, ikaisema kwa saa tatu, na mie nawapa kwa dakika moja. Kazi ya mtu ni kama chumvi ya jirani. Ukiishiwa unakwenda, unapiga hodi, unasema unapikia nini. Unapikia darasa? Unapikia utafiti? Haya, karibu. Lakini unakwenda na kijiko, huendi na ndoo, na watu wakisifu mchuzi wako unasema chumvi hii ya jirani yangu mama Herieth, husemi imenyesha toka mbinguni. Basi. Saa tatu wametukalisha kwa hilo. (Mhadhiri mmoja anatoa daftari, anaandika.) Umeona? Na wewe utaje ulikotoa.

Kwa mujibu wa takwimu nilizokusanya mwenyewe nikiwa kibarazani, katika watu mia waliopita hapa na vitabu, tisini na saba nukta kitu hawakupiga hodi popote, na waliobaki walikuja kununua maandazi. Ndiyo maana uongozi wangu, bila kulala…

(Binti mmoja anasimama: “Shikamoo bibi. Samahani. Barua yangu?”)

Marahaba, Editha. Kaa, hotuba haijafika kwenye barua. Ndugu wananchi, huyu Editha ni mwanafunzi, kapiga picha vinyago kumi na viwili vya Mzee Kasimiri, fundi wa Kimakonde anayechonga hapa nyuma ya fremu zangu, na anataka kuziweka kwenye utafiti wake. Chuo kimemwambia bila ruhusa ya maandishi ya mwenye kazi, utafiti unarudishwa, na mwisho ni leo saa kumi. Miezi mitatu iliyopita akaja kwangu. Nikamwambia, kwa umakini wa kiuongozi, usimsumbue mzee wa watu, maombi yote yanapita ofisini, subiri ofisi ifunguliwe. Akasubiri! Huo ndio uzalendo. (Makofi machache. Editha: “Saa nane na nusu hii, bibi!”)

(Mzee Kasimiri anainuka safu ya mbele: “Mwenyekiti, Kasimiri ndiye mie. Huyu binti nilimkaribisha akapiga picha vizuri, halafu akaanza kunipita macho chini, miezi mitatu. Nikajua kaniudhikia.”)

Mzee, na wewe hujafikiwa kwenye ratiba.

(“Ngoja nimalize. Kuna kitabu kiliwahi kuweka picha ya kinyago changu, chini wakaandika, msanii hajulikani. Sijulikani, na mlango wangu uko wazi toka asubuhi! Mke wangu Felicitas akacheka wiki nzima, ati kumbe ameolewa na mtu asiyejulikana. Binti, wewe ulikuwa unangoja nini? Piga hodi.” Editha: “Hodi, babu.” “Karibu. Chukua zote kumi na mbili. Jina langu liandikwe chini ya kila moja, na utafiti ukiisha uniletee nakala, nimwonyeshe Felicitas.” Vigelegele.)

Bernadeta! Unachana nini? Hizo ni ahadi zangu za mwaka mzima! (“Nyuma kweupe, mama.” Bi Bernadeta anaandika ruhusa, Mzee Kasimiri anatia sahihi juu ya kiti cha Mwakilishi wa Mkuu wa Chuo. Watu: “Kata utepe! Kata utepe!”)

Utepe ungoje. Tuseme kwanza wote kaulimbiu ya kamati. Hodi kwanza! (“Kopi baadaye!”) Kijiko! (“Siyo ndoo!”) Chumvi ya nani? (“Ya mwenyewe!”)

Mwisho nashukuru. Namshukuru Twalib kwa utepe, Mzee Kasimiri kwa sahihi, na nyie nyote nawashukuru zaidi kwa kutousukuma ule mlango, maana nyuma yake kuna magunia yangu manne ya mkaa na kuku anaatamia. Ofisi haipo, mhuri haupo, wala siku ya kuifungua haikuwahi kupangwa, mie nilitaka tu na sie tuwe na utepe. (Kicheko kikubwa.) Chekeni, lakini mtendaji gani ananishinda? Maombi yaliyoletwa, moja. Yaliyojibiwa, moja. Asilimia mia, na bado hatujafungua!

Editha, kimbia mwanangu, saa inakwenda. Wakikuuliza, waambie umetoka ofisini. Na ahadi zangu ziko upande wa pili wa karatasi. Wakizitaka, wapige hodi.