Chungu cha Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, tarehe 4, Mwezi wa Ukungu
Mgahawa wangu una vyakula arobaini na kimoja. Wateja: hakuna. Ng'ambo ya barabara Bibi Mwiko anauza supu ya vitunguu tu, na foleni inafika kisimani! Leo nimeona majitu mawili, wachawi sita na joka zima, limekunja mabawa lisimsumbue mtu. Mke wangu kasema asipoona mteja hapa hadi Ijumaa, anahamia kule kukata vitunguu. Hatanii. Namjua.

Jumanne, tarehe 5
Nimevaa ndevu za bandia nikaenda kupeleleza. Wana desturi ya ajabu: hakuna anayejikorogea. Unamkorogea aliye nyuma yako, mara moja, ukimtazama usoni. Upuuzi mtupu. Mimi nilikorogewa na joka. Lilishika mwiko kwa kucha mbili, taratibu, likaniuliza nimeamkaje. Nikaonja. Jamani! Nikasikia harufu ya jiko la marehemu mama. Nililia mpaka ndevu zikabanduka. Bibi Mwiko akanitambua, akaniongezea mkate. Nyuma yangu kulikuwa na jitu. Sikulikorogea, nilikuwa na haraka. Likalalamika kwamba leo supu ni maji. Majitu hayaridhiki.

Jumatano, tarehe 6
Alfajiri nimeiba ndoo nzima ya supu yao. Nimejikorogea mwenyewe mara mia. Maji matupu! Mke wangu akaniomba nimkorogee yeye, mara moja tu, nikimtazama. Nikamwambia sina muda wa michezo. Siri ni mwiko, hilo liko wazi.

Alhamisi, tarehe 7
Nimeiba mwiko. Bado maji. Kule wanakorogeana kwa fimbo ya mchawi, na joka limelia kwa utamu kama kawaida. Nimesimama dirishani mdomo wazi. Majitu yanavua kofia kabla ya kunywa. Hata mvua ilisita juu ya paa lile, siongezi chumvi.

Ijumaa, tarehe 8
Mke wangu amehama. Mezani kaacha bakuli moja, kalifunika kwa sahani. Ni supu ya ndoo ile ile niliyoiba. Jirani kaniambia alimwona akiikoroga, mara moja, huku akinitazama nilivyolala kitini.
Nimeonja. Mama yupo jikoni, na mke wangu kando yake, wanacheka. Nimelia kama mtoto.
Hatimaye nimeijua siri. Ni bakuli! Kesho naagiza mia.