Malalamiko Kuhusu Upungufu wa Vumbi Katika Jengo Letu

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,
Ghorofa ya Pili.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, wewe na watoto. Najua wewe ni shemeji yangu, na ningeweza kushuka ngazi kumi na nne nikakueleza haya ana kwa ana. Lakini ukiwa shemeji hunisikilizi, unacheka. Ndiyo maana nakuandikia kama mpangaji, kwenye karatasi yenye mistari, na nategemea jibu lenye muhuri.

Kama ujuavyo, nafuga kware wanne kwenye roshani: majike watatu, na dume yule mwenye kelele uliyemlalamikia mwezi uliopita. Kware haogi kwa maji. Huoga kwa vumbi. Hujilaza ubavu, akalirusha kwa miguu na mabawa mpaka limwingie kwenye ngozi, kisha husimama akajikung'uta, na utitiri ukamtoka. Asipooga huwashwa, hujinyonyoa manyoya na huacha kutaga. Wangu wana siku kumi na moja hawajataga. Dada yako, yaani mke wangu, ameapa kwamba wasipopona kufikia Ijumaa, wanahama nyumba hii. Nawapenda ndege wale, Mwenyekiti. Siandiki kwa mzaha.

Chanzo cha balaa hili ni mfagiaji mpya mliyemwajiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama huyu anafagia. Yule wa zamani alikuwa akiegemea ufagio na kupiga soga, na vumbi la ngazini lilitutosha sote. Sasa nimezunguka ghorofa zote nne na kijiko na kopo tupu la majani ya chai, nikaambulia nusu kijiko, nacho kilikuwa na kifungo ndani.

2. Akimaliza kufagia, anapiga deki. Deki, Mwenyekiti! Vumbi likilowa ni tope, na kware akioga tope anakauka kama tofali.

3. Kwa kukosa vumbi nililazimika kusaga chaki ya bluu ninayochorea nguo. Walioga vizuri sana, sitaki kusema uongo. Kisha mlango ukabamizwa, dume akashtuka, akaruka wima kama ilivyo kawaida yao, na akatua juu ya suti nyeupe ya bwana harusi iliyokuwa ikisubiri vifungo tu. Ilijaa nyayo za bluu kuanzia kwenye kola hadi mfukoni. Nilimweleza mteja kwamba ni mtindo mpya. Hakuelewa. Aibu ile naihesabu kuwa ya kamati.

4. Nikajaribu unga wa ngano wa mke wangu. Hili sitalieleza kwa kirefu. Muulize dada yako, ila usimuulize leo.

5. Mwalimu wa ghorofa ya nne hurudi kazini na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Nilimwomba kwa adabu awe anajikung'utia mlangoni kwangu. Siku ya kwanza alikubali. Siku ya pili alipita mbio, tena na viatu mkononi ili nisimsikie. Ujirani umekufa katika jengo hili, Mwenyekiti, na umeuawa na usafi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kamati iamue kama ifuatavyo. Mfagiaji apewe likizo ya miezi mitatu, na ufagio ufungiwe kwako. Kila apandaye ngazi akung'ute viatu vyake kwenye karai nitakaloliweka. Kila kaya ilete kopo moja la vumbi kila Jumamosi, liwe kavu na limechekechwa. Lenye nywele au maganda litarudishwa kwa mwenyewe. Na kama bado halitoshi, ule ukuta wa nyuma usio na kazi ubomolewe polepole. Nasisitiza polepole, kwa sababu ukibomolewa haraka utatoa vipande, na kware hawaogi kwa vipande.

Nakutakia afya njema na uamuzi wa haraka. Wasalimie mkeo, watoto, mama mkwe wangu akipiga simu, mlinzi wa getini, na hata mfagiaji mwenyewe, ambaye kama binadamu sina ugomvi naye.

Wako mtiifu hadi Ijumaa,
Fundi Cherehani,
Ghorofa ya Tatu.

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, dume alitoroka akaingia chini ya cherehani. Mke wangu alinisaidia kuisogeza, pamoja na mfagiaji, aliyekuwa akipita na ndoo yake. Kona ile nimeikataza ufagio tangu tuhamie, nikihofia sindano zangu zisije zikapotea. Tulikuta vumbi la miaka sita, laini, kavu, kina cha vidole viwili, na dume amejilaza katikati yake, macho ameyafumba kwa raha. Tukaokota sindano kumi na saba, tukawaleta na majike. Wanaoga hadi sasa. Mfagiaji alimtazama mke wangu, na mke wangu akamtazama yeye. Kware wameruhusiwa kubaki, maana dada yako anasema wao angalau wakionyeshwa uchafu wanaoga. Anayetakiwa kuhama Ijumaa ni mimi. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu, shemeji yangu mpenzi, na unijulishe kama lile kochi lenu la sebuleni bado linakunjuka.