Vitambaa vya Bi Agnetha

Octavian alipomsikia Bi Agnetha sokoni Tabora akilalamika kwamba jirani yake Bernadeta amenunua televisheni pana kama mlango, alimwonea huruma sana. Huruma ilizidi aliposikia habari za madumu manne ya asali yaliyoshuka juzi kutoka mizinga ya mama huyo kule Ipole.

Kesho yake asubuhi alikuwa sebuleni kwa Bi Agnetha, mtaa wa Cheyo, na masanduku mawili meusi yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa kompyuta ya gemu, ya kweli kabisa. Ndiyo mtaji wake wote. Alikwisha kuiuza Nzega, Sikonge na Igunga, na kila mara ilirudi naye nyumbani. Wateja walibaki na sanduku lenye tofali ndani na taa ya kijani nje.

"Shikamoo, mayo," alisema, akichomeka neno la Kinyamwezi la "mama" kwa heshima ya asali.

"Marahaba, baba. Hilo dude linafanya nini?"

"Unabonyeza hapa, unakaa kwenye kochi, unacheza. Hakuna kibodi, hakuna kipanya, hakuna kumbembeleza kijana aje kukufungulia. Hata askofu anaweza!"

"Na hilo la pili?"

"Stabilaiza. Umeme wetu si unaujua?"

Bi Agnetha alishika padi ya kuchezea, akaendesha gari la mashindano kwenye televisheni yake ndogo mpaka likatumbukia mtoni, akacheka hadi khanga ikamdondoka begani. Asali ikakubaliwa papo hapo. Kisha akayafunika masanduku, kwa kuwa sebuleni mwake hakuna kilichoruhusiwa kukaa uchi. Hata jagi la maji lilikuwa na kitambaa chake cha kufuma. Gemu lilipata cha bluu, stabilaiza cheupe.

Octavian nusura amshukuru Mungu kwa sauti. Mama alipokwenda stoo, akabadilisha: tofali chini ya bluu, gemu chini ya cheupe. Halafu akatoka kufunga madumu kwenye pikipiki, akarudi anatabasamu.

"Stabilaiza hii ni ya maonyesho tu, mayo. Ya kwako naileta kesho."

"Ichukue na kitambaa chake, baba. Mgeni haondoki mikono mitupu."

Alipofika kwake Isevya akavua kitambaa, akatazamana na tofali lake mwenyewe.  Aliwasha pikipiki akarudi mbio, akamkuta Bi Agnetha na Bernadeta kwenye kochi, magari yananguruma.

"Mayo, kumetokea kosa dogo..."

"Kosa gani? Uliniuzia gemu, gemu hili hapa. Asali si umechukua?"

 Octavian akatafuta namna ya kushtaki kwamba ameibiwa alichokiuza, akakosa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amefanya biashara halali, na iliuma vibaya.

"Wifi yangu wa Igunga alinisimulia habari za tofali," Bi Agnetha aliendelea, macho kwenye gari lake. "Ulipotoka kufunga madumu, nami nikabadilisha vitambaa. Nimempigia simu, nimemwambia muuzaji ni mwaminifu, kwangu ameleta kitu halisi. Yupo kwenye basi na sanduku lake, umbadilishie. Kaa umsubiri."

Bernadeta akasogea kumpa nafasi. Octavian akatazama mlangoni. Pikipiki ilikwisha kuzungukwa na majirani wanaoulizia gemu.

"Kaa, baba," alisema Bi Agnetha. "Ila usikalie kitambaa."