Dawa Yangu ya Ubongo wa Mama Mkwe

Mjini Baraka, Jumatatu, 5 Machi 2001
Habari kubwa! Daktari mmoja redioni amesema ubongo wa mtu mzima unaweza kuotesha chembe mpya, na wataalamu wanachunguza mimea inayousaidia. Akataja manjano. Mawe ya redio, yaani betri, yakafa hapo hapo. Niliyosikia yanatosha! Tangu kiharusi cha mwaka jana, mama mkwe Pulchérie hutamka neno moja tu: chumvi. Mke wangu Marthe ni chumvi. Mimi pia. Nitamponya. Muuguzi Anatole ataniita Docteur.

Jumanne, 6 Machi
Manjano, sufuria nzima. Nimejijaribu mwenyewe kwanza, kama wanasayansi. Chooni mara saba. Kama chembe zimeota, zimeshatoka.

Alhamisi, 8 Machi
Anatole amekuja akicheka. Yeye alisikia kipindi hadi mwisho: wamejaribu kwa panya. “Maître, mwalimu wetu, mama mukwe yako si panya!” Ameruhusu manjano kidogo kwenye mboga, basi. Ati nimtembeze mama kila siku, nimtajie vitu, naye ataje. Wivu mtupu. Marthe amekubali kwa niaba yangu. Shule ninayofundisha imefungwa kwa sababu ya vita. Sina pa kujificha.

Jumapili, 18 Machi
Kila asubuhi tunakwenda shambani, polepole, kanishika bega. Yeye anadhani ni matembezi. Mimi nachimba manjano kwa siri. Leo nimeuita mti wa mpera mparachichi. Kasimama. “Mupera!” Mwalimu nimesahihishwa! Nimefurahi hadi nimemkumbatia. Kanisukuma.

Jumatatu, 26 Machi
Risasi upande wa Mboko. Tulifunga mizigo, tukakaa mlangoni, tayari kukimbia. Marthe alikuwa bado pekupeku. Mama akamshika mkono: “Marthe, mwanangu, vaa viatu.”
Mwaka mzima hajaitwa jina lake na mama yake! Marthe alilia, kiatu kimoja mkononi. Risasi zikanyamaza, hatukukimbia. Kisha mama akanitazama, akamwuliza Marthe: “Na huyu muvivu? Ulimukubali kweli?”
Nimeponya sana.

Jumatano, 28 Machi
Anatole anasema ni matembezi, mazungumzo na muda; kama manjano yamesaidia, hajui. Marthe amemshukuru yeye. Mama anaimba jikoni, anakosea maneno, anaanza upya. Nimeandika ubao wenye jina langu: DOCTEUR NORBERT, UBONGO MPYA. Kutoka Lulimba nimeletewa majani ya kutibu upara wa Anatole. Aliyeyaleta hajui jina la mmea wenyewe. Mbuzi wote wanayakataa.
Dalili nzuri! Dawa yenye nguvu.