Mkono wa Mama wa Kwenye Miwani ni Laini Mno

Mau Narok,
14 Juni 2025

Kwa Bwana Jamleck Waithaka,
Meneja, Duka la Miwani ya Maajabu,
Nakuru.

Bwana Meneja,

Natumaini wewe na watu wa nyumbani kwako mko salama. Sisi huku tuko sawa, baridi ni ile yetu ya kawaida.

Mimi ni yule mzee wa kofia ya sufu aliyeletwa kwenu na binti yake, Jemutai. Alikuwa amechoka kuniona nimekaa jikoni nikitazama moto tangu tulipomzika mama yake, Linah. Mlinivalisha miwani ya kufunika uso na glavu zenye nyaya, nikajikuta katika shamba. Mlangoni mmeandika kwamba mtu atashika kila anachokiona na kukihisi kama cha kweli. Nilishika. Kwa heshima, nina malalamiko.

1. Ng'ombe. Chuchu zake zina joto, hapo nawapongeza. Lakini nilimkamua bila mafuta na bila ndama kunyonya kwanza, naye akatulia kama anayeombewa. Hakunichapa hata kwa mkia. Ng'ombe kama huyo atawaponza vijana wa mjini siku watakapokuja huku. Naomba teke. Si lazima liwe kali, la pajani linatosha.

2. Mvua. Niliihisi viganjani peke yake, kana kwamba sehemu nyingine ya mwili wangu imeenda sokoni. Mvua ya Mau Narok huanzia shingoni.

3. Mtoto. Alinijia mbio, akasimama. Kwetu mtoto akimsalimu mzee huinamisha kichwa, na mzee hukigusa. Wa kwenu hakuinama. Nilinyoosha mkono hata hivyo, ukapita ndani yake kama kwenye moshi. Nikatafuta chini zaidi, nikapata kichwa kamili, nikafurahi sana. Nikakibariki kwa Kikalenjin, tena kwa urefu, nikatema na mate kidogo inavyopasa. Kumbe ni Abby, mfanyakazi wenu, ameinama kufunga waya. Alisema, "Aki mzee, nimesukwa nywele jana tu!" Niombee msamaha. Baraka abaki nayo.

4. Hili ndilo hasa limenifanya niandike. Mama wa shamba hilo hutoka mlangoni na kumpa mgeni mkono. Bwana Meneja, mkono ule ni laini mno. Ana ng'ombe, ana ekari za viazi, na mkono ni wa mtu ambaye hajawahi kumenya hata kiazi kimoja. Wa Linah ulikuwa mgumu chini ya vidole. Kidole gumba kilikuwa na mpasuko aliokuwa akiupaka mafuta ya kukamulia kila jioni. Akitoka kuosha viazi ulikuwa baridi kama bomba. Akinisalimu alinibonyeza mara mbili, na ile ya pili ilikuwa ya kuniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo naomba fundi wenu aongeze ugumu, mpasuko, ubaridi na kule kubonyeza kwa pili. Niko tayari kuja kumwelekeza. Akifaulu, naomba pia mlango wa nyumba ile upakwe rangi ya kijani, pawe na kiti kimoja zaidi kando ya jiko, na niruhusiwe kuhamia. Sitasumbua wateja. Jemutai ataniletea uji hapo dukani.

Wasalimie wafanyakazi wote, mlinzi wa ngazini, na ng'ombe.

Ni mimi, nikilalamika bila chuki,
Bethwel Kiptanui

Nyongeza: Jemutai ameisoma barua hii akaniuliza mpasuko ulikuwa kwenye kidole gumba kipi. Nikamjibu bila kufikiri: cha kulia, upande wa ndani. Tangu mazishi nilikuwa nikijaribu kuukumbuka mkono ule, na kila mara ilikuja picha ya harusi tu, ambamo amevaa glavu nyeupe. Nilidhani umenipotea. Ni huu wenu, kwa kukosea kila kitu, ulionirudishia ule wake. Basi usimwite fundi. Uacheni laini vivyo hivyo, nije niupinge tena. Na siku mgeni mwingine akiusifu, tafadhali mnikumbuke.