Mfalme Akiliwa, Malkia Anakaimu

Balaa lilikuja na gazeti. Kinyozi tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, alilikunjua kwenye benchi letu mbele ya kibanda cha fundi viatu, akaanza kusoma kwa sauti.

"Wataalamu wanasema sataranji ilianzia Bara Hindi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ikapita Uajemi, Waarabu wakaichukua, ndipo ikafika Ulaya."

"Uongo," akasema fundi viatu. Huyo ni Soli, na ndiye aliyetuletea sataranji kijiweni. "Mimi nimeitoa kwa binamu yangu."

"Na binamu yako aliitoa wapi?"

"Ukipewa kuku, utauliza ukoo wa yai?"

Redio akamwacha. "Malkia zamani alikuwa mwanamume, waziri. Alikwenda hatua moja tu, tena mshazari. Huko Ulaya wakamfanya malkia, baadaye wakamruhusu kukimbia ubao mzima."

"Hapo wamesema kweli," nikadakia. "Kwetu baba alikuwa na cheo, mama alikuwa na mwendo."

"Ngoja, hujasikia. Mfalme haliwi kamwe. Akibanwa akakosa pa kukimbilia, mchezo umekwisha."

Benchi zima likamgeukia Soli. Sisi wafalme tumewala miaka na miaka. Sheria ya Soli ni kwamba mfalme akiliwa, malkia anakaimu. Malkia akiliwa, anakaimu farasi, mpaka cheo kimfikie askari wa mwisho. Ndiyo maana hapa hajawahi kushindwa mtu. Giza likiingia tunaita sare, kila mmoja anarudi kwake na heshima yake.

Wenzangu wakacheka. Mimi, fundi saa mzima, nikatazama saa yangu. Nilikuwa nimemwambia mchumba wangu kwamba tangu nianze sataranji sijafungwa hata mara moja. Naye kamwambia baba yake, mchezaji wa siku nyingi, na mzee alikuwa anakuja jioni hiyo hiyo kucheza nami kabla ya kujibu posa.

"Nisomee sheria zilizobaki," nikamwomba Redio.

"Zimeishia hapo. Chini ni tangazo la magodoro."

"Usihofu," akasema Soli. "Cheza polepole, atachoka."

"Mstaafu huyo. Atachoka na nini?"

Mzee akaja, akaketi, akaagiza kahawa. Kabla haijapoa akasema kwa upole, "Mfalme wako hana pa kwenda, mwanangu."

Nami na mdomo wangu huu usio na breki nikamjibu, "Haina shida, mzee. Malkia anakaimu."

Redio akajifunika gazeti. Soli akainama kutafuta msumari ambao haukuwa umeanguka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo nikamweleza mzee sheria zetu zote, mpaka askari wa mwisho.

"Yaani hapa mtu akifungwa, hajafungwa?"

"Hajafungwa, mzee."

"Na mnakaa hapa kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili, mzee."

Akakuna ndevu muda mrefu. Nikajua posa imeota mbawa, na niliumia, maana yule binti nampenda kweli. Kisha mzee akasogeza kiti, akashusha sauti ili wenzangu wasisikie.

"Binti yangu ananifunga sataranji kila Jumapili, tena mbele ya mama yake. Posa nimeikubali. Jumapili hii njoo ukaimu."