Kihispania cha Kupandia Nyandira

Jumatatu, 8 Desemba 2025
Habari kubwa! Jumamosi Sista Pilar, mgeni wetu kutoka Hispania, atapanda Nyandira, kijijini kule mlimani, kwa gari la parokia. Nafasi moja imebaki. Padre Fidelis atampa mzee mmoja. Ni mimi! Nilizaliwa huko. Nasikia mti wa pichi alioupanda marehemu mama bado unazaa. Tangu shamba letu liporomoke tukahamia mjini, sijauona. Na kwa magoti haya, bodaboda siiwezi.
Jirani yangu Laurenti naye anaitaka nafasi. Anafuata kabichi za bei nafuu. Kabichi!

Jumanne, 9 Desemba
Mbinu ya kuipata nafasi: Kihispania, Sista anipende. Nimepata neno kwenye simu ya binti yangu Felista. Excelente: bora kabisa. Ni Kiingereza kile kile cha shuleni, mkia tu umebadilishwa. Kumbe lugha nusu naijua! Felista ameuliza, Baba, neno moja litatosha? Nimemjibu kwamba jogoo mmoja huamsha mtaa mzima.

Alhamisi, 11 Desemba
Chai kwa Padre. Sista akaniuliza, kwa ishara, chai ikoje. Excelente! Maandazi? Excelente! Akapiga makofi. Laurenti akanywea kama mchicha motoni.
Kisha Sista akauliza jambo refu. Excelente! nikasema, kwa sauti.
Padre akatafsiri. Alikuwa akiuliza hali ya magoti yangu.
Basi, akaamua Padre, mzee imara hivi aende na kwaya: lori hadi chini ya mlima, kisha miguu. Gari apewe Laurenti, ambaye papo hapo alianza kuchechemea.
Ningekanusha? Kwa Kihispania kipi?

Jumamosi, 13 Desemba
Lori sikulipanda. Niliinua goti, goti likakataa. Wanakwaya wakanipungia mikono: Babu, excelente!

Jumapili, 14 Desemba
Laurenti karudi na gunia la kabichi. Akatoa pichi mfukoni. Shika, mtani, akasema. Bila kuombwa, alikuwa ameutafuta mti wa mama. Umeinamia bondeni, na watoto wa shule wameufanya wao. Nimeila polepole. Kokwa nimeiosha, nikaiweka dirishani.
Kosa nimeliona: neno lilikuwa zuri mno! Nimepata jingine. Terrible: mbaya kupindukia. Hili halitofautiani na la Kiingereza hata herufi moja!
Sista atapanda tena mwezi ujao. Keshokutwa anakuja hapa kula pilau ya Felista. Aulize lolote. Niko tayari.